Kushoto Geuka Mara Mbili

Nyamizi hajalala, anasema mwenyewe, amefumba macho tu kwenye benchi la barazani akingoja kuitwa, mtihani wa mdomo, mara ya tatu na ya mwisho, akifeli leo ualimu wa hisabati ndiyo basi. Lakini benchi linarefuka, linakuwa barabara isiyo na mwisho mbele wala nyuma, na kando yake miji inatazamana kama vioo vya kinyozi. Mbele namba chanya, nyuma namba hasi, hilo analijua, si mgeni. Anatokea mtu asiye na uso, mpole kabisa. Kitendawili, anasema. Tega, anajibu Nyamizi, ulimi umeshazoea. Nizidishe kwa nafsi yangu upate hasi moja, nakaa wapi? Loo! Namba ileile iliyomfelisha mara mbili! Anaitafuta mbele: chanya kwa chanya, chanya. Anaitafuta nyuma: hasi kwa hasi, chanya tena. Haipo, anasema, hiyo ni ya kukariri tu. Umeshindwa, nipe mji. Nyamizi anacheka, utoto gani huu, haya chukua Nzega. Na Nzega inatoweka, soko lake na watu wake. Kicheko kinamkauka. Nakaa wapi? Sijui. Nipe mji. Igunga nayo, hiyoo, imekwenda. Imebaki Sikonge tu, na mlangoni pale mama yake anapepeta mchele, hana habari.

Hapo Nyamizi anapandwa na hasira. Mama yangu humpati ng'o, anasema, na anasimama wima, visigino pamoja, kama alivyosimama miaka minne akiwafundisha mgambo gwaride. Kuzidisha kwa hasi moja ni nini kama si nyuma geuka? Geuka nyuma mara mbili, unatazama mbele. Kumbe ndiyo maana hasi kwa hasi ni chanya! Sasa amri gani ukiitoa mara mbili inakuwa nyuma geuka? Mwili unajibu kabla ya kichwa. Kushoto geuka: anatazama mashamba, nje ya barabara. Kushoto geuka: anatazama alikotoka. Hukai mbele wala nyuma, anamwambia yule mtu, unakaa ubavuni, nami nilikuwa nakutafuta barabarani!

Nyamizi Lubango, ingia. Chumbani mtahini, mzee wa shati jeupe, haachi kuandika. Shikamoo mwalimu. Marahaba. Nieleweshe kipeuo cha pili cha hasi moja. Naomba usimame, mwalimu, anasema Nyamizi, na sauti yake ni ya uwanjani. Kushoto, geuka! Mzee anashtuka, anasukuma kiti, anageuka polepole, magoti yakimlalamikia. Kushoto, geuka! Sasa amempa kisogo. Miaka thelathini nawakaririsha watoto wa watu namba hii, anasema mzee akiwa bado ametazama ukuta. Kama ameamka au yungali usingizini, Nyamizi hajui. Anachojua ni kwamba mzee anasubiri amri.