Weupe Hawashtuki

Nilianza kumshuku mdogo wangu siku mwenye duka la matairi aliporudisha mbwa. Alishuka kwenye gari mkono wa kulia umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko, akamtoa yule mbwa kwa mkono wa kushoto, akamfunga kwenye nguzo ya geti letu. Nilimkaribisha soda, akasema hataki hata maji.

"Alikuwa amelala," akaniambia. "Nimepita tu, mguu ukamgusa. Hakunguruma, hakubweka, nilishtukia meno yameshaingia. Mama, mimi nimefuga mbwa tangu nikiwa mdogo. Mbwa anakuonya kwanza. Huyu wenu hana onyo."

Mdogo wangu alitoka chumba cha kusafishia manyoya, brashi mkononi. Watu wote humwita Brashi, na hata mimi niliyemtangulia miaka saba nimeshasahau kumwita vinginevyo.

"Huyo ana moto," akasema, tena kwa fahari. "Ndivyo damu nyeupe ilivyo. Ulitaka mbwa wa kulinda au paka wa kukalia kochi?"

Mwenye duka alimtazama kama anavyotazama tairi lenye viraka vitano, akawasha gari akaondoka.

Banda tulirithi kwa baba. Tunazalisha mbwa wa ulinzi na kazi tumegawana: Brashi huchagua dume gani apandishwe kwa jike gani, mimi nawapima watoto na kuwafundisha. Miaka kumi iliyopita alizaliwa mtoto mweupe pee na wateja wakamgombania kama mpira wa kona. Tangu siku hiyo Brashi akawa mtumwa wa rangi. Mbwa wa kahawia wa baba, wale ambao ukiwafichia mpira watautafuta hadi ulimi uburuze chini, aliwapunguza mmoja mmoja. Hawa weupe mpira ukishatoka machoni pao umekufa; wanakaa, wanakukodolea macho. Nilimwambia mara ngapi kwamba anazalisha koti, hazalishi mbwa. Alikuwa anacheka.

Lakini weupe walikuwa na sifa moja ambayo hata mimi na mdomo wangu sikuweza kuikataa. Walikuwa hawashtuki. Mtoto akifikisha wiki saba namweka katikati ya sakafu, nasimama nyuma yake, naangusha karai la bati kwenye saruji. Anayekimbia asirudi, nampa tatu. Anayeruka halafu akarudi kulinusa karai, saba. Asiyegeuza hata shingo nampa kumi, na kwenye daftari naandika neno moja: jiwe. Kipimo hiki nilikibuni mwenyewe na nilikuwa najivunia. Ila mwaka hadi mwaka mawe yote yakawa meupe. Sita kati ya wanane, watano kati ya sita. Mbwa wavivu wa kazi kiasi hicho wapate wapi roho ngumu kiasi hicho? Nikasema hapa kuna mkono wa mtu.

Pengine ningemeza mate nikanyamaza, kama isingekuwa Chokaa. Chokaa na yule aliyemng'ata mwenye duka ni mama mmoja, uzao mmoja. Alikuwa kwa binti yangu, mtaa wa nyuma, zawadi ya mjomba wake alipojifungua. Na mjukuu wangu alikuwa na wiki mbili tangu aanze kutembea. Tunamwita Kinyonga, kwa jinsi anavyoyumba mbele na nyuma kabla ya kuutua mguu. Mbwa asiyeonya na mtoto asiyejua kusimama walikuwa wanalala chini ya paa moja, na usingizi wangu uliisha hapo.

Nikampigia binti yangu.

"Mfunge huyo mbwa."

"Kwa nini, mama?"

"Nimesema mfunge."

"Chokaa hajawahi kufanya kitu. Redio inapiga kelele, mtoto analia, yeye katulia tu. Na si wewe mwenyewe uliyempa kumi?" Akashusha sauti. "Mama, wewe na mjomba mmegombana tena?"

"Hatujagombana."

"Basi mkigombana msimwingize mbwa wangu."

Akakata simu. Kichwa kigumu kama hicho simlaumu, najua alikokitoa.

Wiki tatu nilimchunguza Brashi bila simile. Nilianza na chakula. Saa za kulisha nilikuwa nagonga mfuniko wa pipa, na mbwa wa kahawia waliobaki wanapiga mayowe kama wameona mwizi. Weupe wamelala. Wamelala fofofo, mpaka mimi mwenyewe nifike kwenye wavu wao na kivuli changu kiwaangukie, ndipo wanaruka kama wamemwagiwa maji. Dawa ya usingizi, nikasema moyoni. Anawalevya ili siku ya kipimo waonekane mawe. Nilinusa chakula chao. Nilikionja pia, na sioni aibu kusema. Nilichogundua ni kwamba hakina chumvi. Nilipekua pipa la taka nikitafuta chupa au paketi, nikapata manyoya matupu. Nikalipeleka daftari dirishani, nikaziangalia alama zangu moja moja kwenye mwanga kama zimefutwa na kuandikwa upya. Mwandiko ulikuwa wangu, kila mstari.

Hata hilo halikunituliza. Nikaona ameniweza, ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamfuata chumba cha kusafishia.

"Unawapa nini?"

"Nawapa nani nini?"

"Usijifanye mtoto. Weupe. Unawapa nini kabla sijawapima?"

Aliweka brashi chini. Sijui ni lini mara ya mwisho nilimwona mikono mitupu. "Dada, unatafuta mchawi," akasema taratibu. "Mimi napenda weupe, ni kweli, sijawahi kukuficha. Lakini kila niliyempandisha nilimtoa kwenye daftari lako. Ulikuwa unaniambia, chukua jiwe, acha hao waoga. Nikachukua mawe. Sasa nimekosea nini?"

"Keshokutwa daktari anakuja. Atawatoa damu. Tutajua."

"Awatoe hata figo," akasema, akaiokota brashi yake.

Daktari wa mifugo alifika saa nne asubuhi, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Nilimpeleka moja kwa moja kwa yule mng'ataji. Alikuwa amelala, mgongo umetuelekea. Nilimwonyesha daktari mahali pa kutoboa sindano na kumweleza ninachotafuta, lakini yeye hakufungua mkoba. Alisimama tu anamtazama mbwa.

"Tuna dakika tano tunaongea hapa," akasema. "Huyu analala hivi siku zote?"

"Ndiyo nakwambia amelevywa."

Akapiga makofi. Mbwa hakutikisa sikio. Akachukua bakuli la chuma, akaligonga kwenye ukuta mpaka banda zima la kahawia likalipuka kwa kubweka. Mbwa alikuwa anapumua polepole, kifua kinapanda na kushuka. Halafu daktari akapenyeza mdomo kwenye wavu, akampulizia mgongoni pumzi moja nyembamba. Mbwa aliruka akiwa bado amefumba macho na meno yakagongana hewani.

"Mama, huyu mbwa hasikii."

"Hashtuki," nikamsahihisha. "Hao ni mawe. Nimewapima mwenyewe."

"Hashtuki kwa sababu hasikii. Ni lini ulimwita akaja?"

Baba alitufundisha kuwaongoza mbwa kwa mikono tu, kwa vile mwizi naye ana masikio. Kiganja juu, kaa. Kidole chini, lala. Kwa miaka thelathini na zaidi sijamwita mbwa kwa mdomo, na wateja wetu tunawafundisha hivyo hivyo. Weupe walikuwa wanafunzi wangu bora, hawabandui macho kwenye mikono yangu. Nilikuwa nawasifia utii.

Daktari alinieleza kwa maneno machache. Rangi inapokosekana kwenye manyoya, mara nyingine inakosekana hadi ndani ya sikio, na sikio bila ile rangi hufa mtoto akiwa bado mchanga. Si kila mweupe, akasema, ila ukizidi kuwapandisha wasiosikia kwa wasiosikia unawaongeza. "Na asiyesikia akiguswa usingizini anaamka kwa meno. Si ukali huo. Ni hofu."

Tulipita wavu kwa wavu. Weupe walikuwa tisa. Sita hawakusikia chochote, wa saba alisikia upande mmoja. Brashi alitufuata nyuma, ameikumbatia brashi kifuani. Mwisho wa safu akaniuliza, "Kwa hiyo mimi sikuwapa kitu?" Hakusema kwa kebehi. Aliuliza kama mtu niliyemshuku mpaka naye akaanza kujishuku, na hilo liliniuma.

Nilikuwa nimeshatoa simu. Iliita kwa binti yangu mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nikaitupa kwenye mfuko wa aproni nikakimbia na mabuti yangu ya mpira, mwanamke wa miaka hamsini na nane, barabarani mchana kweupe, watu wakinipisha njia.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Chokaa alikuwa amejinyoosha kwenye korido, pale sakafu inapokuwa ya baridi, macho yamefumbwa. Kinyonga alikuwa amebakiza hatua mbili kumfikia, mikono mbele, anayumba. Kilichonijia kwanza ni kupiga kelele. Kikanijia na cha pili: kelele yangu ingemfikia mtoto peke yake. Angegeuka, angekosa mizani, angemwangukia mbwa na uso. Nikafunga mdomo. Nilipiga magoti huku nikikimbia, sijui niliwezaje, nikapenyeza mkono wangu kati ya kiganja kile kidogo na taya, na kiganja kikatua kwenye sikio la mbwa na meno yakatua kwangu.

Maumivu yalipanda hadi begani. Halafu Chokaa akafumbua macho, akaona ni mimi. Aliachia palepale. Alirudi nyuma akijiburuza kwa tumbo mpaka ukutani, anatetemeka, macho kwenye mikono yangu anasubiri nimwambie la kufanya. Nikainua kiganja chenye damu. Akakaa. Nilimwonea huruma mpaka machozi yakanitoka, na Kinyonga alipoyaona akaanza kulia naye.

Binti yangu alitoka uani na shuka mbichi mikononi. Aliona damu, akaona mbwa, akamnyakua mtoto.

"Amemgusa?"

"Hajaguswa mtu ila mimi. Mbwa hasikii, mwanangu. Hajawahi kusikia tangu azaliwe. Mtoto alimwamsha kwa kumshika, akashtuka."

Alimkagua mtoto vidole vyote, kimoja baada ya kingine. Aliponyanyua uso ulikuwa umebadilika. "Kumbe ulikuwa unasema kweli. Mjomba na weupe wake! Alijua hana akili huyu mbwa, akanipa mimi na mtoto mchanga ndani?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Wallahi ningeweza. Alikuwa ameshaamini, nami wiki tatu nzima nilikuwa nalitafuta hilo hilo neno kwenye pipa la taka.

"Mjomba wako alitafuta rangi tu," nikasema. "Mimi ndiye nilimpima. Hakusikia karai, nikasema ni jasiri. Nikampa kumi."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtoto niliyemzaa. Alinifunga mkono kwa ile shuka mbichi, akakaza kuliko ilivyohitajika.

"Umewapa kumi wangapi wengine?"

"Waliouzwa, arobaini na mmoja."

"Wako kwa nani?"

Kabla sijajibu Brashi aliingia anahema, daftari kwapani. Alikuwa amefikiri kabla yangu. Alimtazama Kinyonga, akautazama mkono wangu, akaketi sakafuni karibu na Chokaa akafungua ukurasa wa kwanza.

"Nisamehe, mdogo wangu," nikasema. "Nilikusingizia."

"Tutagombana baadaye, dada. Shika simu."

Alinisomea namba, nikabonyeza kwa kidole gumba cha mkono mzima. Alipokea mama mmoja mwenye mapacha, namkumbuka vizuri, alikuja kwetu na miwani yake mikubwa na kuniuliza mara tatu kama mbwa ni salama kwa watoto. Nilimwapia kwamba ni salama. Nikamuuliza mbwa yuko wapi sasa hivi.

"Amelala," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa shukrani. "Wanangu wamemfanya mto, mmoja huku, mmoja huku. Nikupigie picha uone?"

Nikamwambia aiache simu hewani, asiikate, na anisikilize vizuri sana.