Pumzi ya Audrey

Wiki ya tatu baada ya Audrey kuzikwa, Mwalimu Nabwire aliirudisha kwaya mazoezini. Siku ya wazazi ilikuwa imekaribia, na mwalimu mkuu, Bwana Kiragu, hakutaka kusikia habari ya kuiahirisha. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nne. Mvua ilikuwa imeleta matope mpaka mlangoni mwa darasa la tano, na watoto thelathini wakasimama juu ya mbao ili wasilowe miguu.

Audrey ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo. Alikuwa msichana mwembamba, na sauti yake ikipanda ilikaa huko juu bila kutetemeka, hata mafundi wa mtaa wa Laini Saba waliacha kugonga mabati wakamsikiliza. Mamake, Filister, aliuza omena, dagaa wa ziwani, katika mtaa wa Kisumu Ndogo. Homa ya mapafu ilimmaliza mtoto kwa siku nne, akasafirishwa Siaya akazikwe kwao.

Kuna jambo ambalo Nabwire hakumwambia mtu. Siku ya mwisho ya Audrey shuleni, mtoto alimjia ameshika kifua, akasema kinamuuma akivuta pumzi. Kwaya ilikuwa imekosea mara tatu na Nabwire alikuwa amechoka. Alimwambia amalize ubeti kwanza, ndipo aende nyumbani. Audrey akaumaliza.

Sasa mahali pake alisimama Mitchelle, mtoto mtiifu mwenye sauti nzito kidogo. Alianza vizuri. Lakini katikati ya mstari wa pili, neno likiwa bado halijaisha, alinyamaza, akavuta pumzi mbili za harakaharaka, kisha akaendelea. Kwaya nzima ilinyamaza naye. Wimbo ule aliutunga mwenyewe, na hakuweka kituo mahali pale. Aliyekuwa akikatia hapo ni Audrey, wiki ile ya mwisho, na Nabwire alidhani ni uzembe.

Akawarudisha mwanzo. Wakanyamaza palepale. Akawapigia makofi ya kuhesabu, akawaimbisha polepole neno kwa neno, wapi.

"Mwalimu, hatuwezi," Mitchelle alisema. "Audrey alituonyesha hivyo."

Tangu siku hiyo ile pumzi ikaanza kumfuata. Aliisikia mtaani Ayany, chumbani kwake, akimimina chai: mara mbili, fupi, nyuma ya bega. Akigeuka haoni kitu ila kanga yake iliyoning'inia ukutani. Siku moja watoto wakiandika mtihani, darasa likiwa kimya, aliisikia ikitoka kwenye dawati la nyuma ambalo hakuna aliyetaka kulikalia. Alikwenda akasimama kando ya dawati lile mpaka mtihani ukaisha, maana aliona vibaya kuliacha peke yake.

Alimwendea Bwana Kiragu, akamwomba wimbo ubadilishwe. Mwalimu mkuu akamwambia amechelewa. Mama Audrey alikuwa amekuja mwenyewe kuuliza kama watoto watauimba, na yeye Kiragu ameshamwahidi kwamba watauimba.

Siku ya wazazi Filister alikaa benchi la mbele, kitambaa cheusi kichwani, mikono juu ya mapaja. Ngoma ikalia, Mitchelle akaanzisha. Walipofika pale kwenye mstari wa pili, watoto wakanyamaza, na uwanja wote ukanyamaza nao. Pumzi ikasikika. Nabwire alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa Mitchelle, na alimwona wazi: mdomo umefungwa, kifua hakitikisiki. Filister alisimama. Hakulia. Alisimama tu hadi wimbo ukaisha na watu wakapiga makofi.

Baadaye alimfuata Nabwire nyuma ya madarasa.

"Nawe umemsikia?" aliuliza.

Nabwire angeweza kujibu hilo tu wakaachana. "Nimemsikia," alisema. "Lakini kuna jambo, Mama Audrey. Aliniambia kifua kinamuuma. Nikamwambia amalize ubeti."

Filister akaanza kuuliza, kwa sauti ya chini, swali moja baada ya jingine: ilikuwa saa ngapi, mtoto alikuwa amekaa au amesimama, alipomaliza alitoka na nani, kuna mtu aliyempa maji. Nabwire alijibu kila swali bila kupamba. Maji hakuna aliyempa. Alitoka peke yake.

"Asubuhi hiyo aliniambia na mimi," Filister alisema. "Nikamwambia aende tu, Mwalimu atakasirika."

Upande wa pili wa ukuta wazazi walikuwa wakicheka na kuitana. Nabwire alitaka kumshika mkono lakini hakuthubutu, na msamaha hakuuomba, kwa kuwa aliona kuuomba ni kumtwika mama yule mzigo mwingine. Filister alikaza kitambaa chake. Akasema anataka kusikia mambo yote ya Audrey ya shuleni, hata ya kijinga, hata yaliyomfanya aadhibiwe, na kwamba nyumbani hakuna anayeweza kumsimulia hayo.

Jumamosi Nabwire alishuka Kisumu Ndogo. Filister alimsogezea kigoda karibu na beseni la omena, akaendelea kuchambua. Nabwire akaanzia siku Audrey alipoingia darasani mara ya kwanza, amevaa sweta la mtu mkubwa.