Nyuki Waliohamia Shavuni

Siku moja kabla ya sherehe, wanachama wa Klabu ya Vijana Walinzi wa Nyuki wa Mwitu walikuwa wamekaa sakafuni katika ukumbi wa shule, wakikata mabawa ya maboksi na kuyakaza kwa waya. Kasuku hakuwa anakata kitu. Alikuwa anaghani shairi lake, anamsahihisha huyu, anamcheka yule. Jina hilo alipewa na bibi yake kabla hajaota meno yote, maana binti akianza kusema, hata redio iliona haya.

Safari hii maneno yake yalikuwa na kazi. Mgeni rasmi angechagua mghani bora, na mghani bora angesomeshwa sekondari bure. Bibi alikuwa muuza mkaa. Bila nafasi hiyo, Kasuku angemaliza shule ya msingi mwaka huo na kuanza kupima mkaa kwa makopo. Wote wawili walilijua hilo, na hawakuwa na haja ya kulizungumza.

Nyuki wenyewe waliishi katika nyufa za ukuta, nyuma ya jukwaa. Walikuwa weusi, wadogo kama punje za mchele, wasiouma. Zamani, maua ya maboga katika bustani ya shule yalikuwa yakipukutika bila kuzaa, mpaka mwalimu mlezi alipoanzisha klabu. Watoto wakakataa nyufa zisizibwe, wakapanda maua chini ya madirisha, na maboga yakashika. Sifa zikavuma, ndiyo maana mgeni rasmi alikuwa anakuja.

Mchana akaingia mpuliziaji dawa, bomba mgongoni.

"Tokeni nje, wanangu. Nimeagizwa niwamalize wadudu humu."

"Wadudu gani?" Kasuku akauliza.

"Hao nyuki. Mwalimu mkuu anasema wageni wataogopa."

"Lakini hawaumi. Na sherehe yenyewe ni yao."

"Ndiyo maana nimeambiwa niwahi."

Kasuku akasimama mbele ya ufa mkubwa kuliko zote na kufungua mdomo amweleze vizuri. Hapo nyuki wakatoka ufani kwa mstari, wakampitia kando ya sikio, wakaingia mdomoni. Walitangulia vibarua, akafuata malkia, ambaye alikuwa mzito na ilibidi asaidiwe kuvuka meno ya chini. Alipoingia wa mwisho, Kasuku akafunga mdomo, kwa sababu nje kulikuwa na dawa. Wenzake nao wakaenda kila mmoja kwenye ufa wake, wakapanua vinywa. Mafua, mvulana ambaye pua yake haikukauka masika wala kiangazi, alipata kundi dogo la pembeni.

Mpuliziaji aliwasubiri wamalize. Kisha akaupulizia ukuta mtupu, maana alikuwa amelipwa apulizie. Akamalizia na miti ya uwanjani, ambako magari ya wageni yangeegeshwa kivulini.

Mwalimu mlezi alipofika alitega sikio kwenye shavu la kila mtoto. "Pumueni kwa pua," akasema. "Sherehe ikiisha tutawatafutia gogo lenye mvungu. Mwalimu mkuu nimembembeleza mpaka nimechoka. Ananiambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Alikuwa na hasira, na hakuwa na mahali pa kuipeleka.

Jioni bibi alimtazama mjukuu wake akinywa chai kwa mrija, kupitia upenyo mdogo pembeni mwa midomo.

"Malkia yumo?"

Kasuku akaitikia kwa kichwa.

"Haya. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Bibi akaunyoosha mrija. "Na kesho utaghanije, mama?"

Kasuku akaangalia kikombe. Aliogopa, na wala hakuwa anawaogopa nyuki.

Asubuhi ukumbi ulinuka dawa mpaka macho yakawasha. Nzi walikuwa wamelala chali chini ya viti, na mjusi mmoja alikuwa amefia dirishani. Watoto wakapangwa jukwaani na mabawa yao mgongoni. Mwalimu mkuu akaeleza jinsi shule yake inavyowapenda wachavushaji, akafafanua kwamba wachavushaji ni wale wadudu wanaobeba mbelewele kutoka ua hadi ua, kisha akamwita mghani.

Kasuku akasogea mbele. Shairi alikuwa nalo lote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, limelala chini ya ulimi karibu na malkia. Kilichosikika ni mvumo mdogo kutoka katika mashavu ya safu nzima.

"Sema chochote tu, mwanangu," mgeni rasmi akamwambia kwa upole. "Hata ubeti mmoja."

Mwalimu mkuu akamsogelea, akitabasamu upande wa wageni. "Fungua huo mdomo," akanong'ona. "Usinitie aibu."

Kasuku akamtafuta bibi yake kwa macho. Alikuwa nyuma kabisa, amevaa gauni lake la kutokea, viganja amevibana magotini. Bibi hakuitikia wala hakukataa. Kasuku akasikia malkia akijigeuza juu ya ulimi, akakaza taya mpaka zikauma.

Mafua akapiga chafya.

Kundi lake lote likatoka kwa mkupuo mmoja. Nyuki wakazunguka mara moja juu ya meza kuu, wakaanza kudondoka, wengine kwenye zulia, wengine kwenye shada la maua ya plastiki. Mgeni rasmi akaifunika bilauri yake ya maji kwa kiganja. Mhudumu akaja na ufagio.

"Huyu sasa mdomo wake ni mtupu," mwalimu mkuu akasema. "Aghani huyu."

Mafua alilijua shairi, kama walivyolijua wote, maana Kasuku alikuwa amewachosha nalo mwezi mzima. Akalighani lote, machozi na kamasi vikishuka pamoja, kwamba nyuki ni ndugu zetu, kwamba sisi vijana tumeapa kuwalinda, na ufagio ukapita mbele ya viatu vyake na kurudi. Mgeni rasmi akafuta macho. Akasema hajapata kumsikia mtoto aghani kwa hisia namna ile. Nafasi ya sekondari akapewa Mafua. Kasuku akamwonea wivu mpaka mashavu yakapata moto, na nyuki ndani wakaanza kupepea mabawa ili wapoze nyumba.

Mwalimu mlezi alilileta gogo siku ile ile. Nyuki wakatoka mpaka midomoni mwa watoto, wakalitazama, wakarudi ndani. Kuhama mara mbili kwa juma moja si mchezo. Ukuta wa ukumbi ukapigwa lipu kwa saruji ya zawadi kutoka kwa mgeni rasmi, na juu yake pakachorwa nyuki mkubwa mwenye kope ndefu anayecheka. Ikatangazwa kwamba sherehe itakuwa ya kila mwaka, na mpuliziaji akapewa kazi ya kudumu. Kasuku na wenzake wakazoea. Mchana vibarua walitoka kwa upenyo kwenda maboga, malkia akabaki, na mwalimu wa darasa akajifunza kuita majina bila kungoja jibu.

Muhula wa mwisho ulipofungwa Mafua akaja kuaga, amevaa sare mpya. Kasuku alikuwa nje ya kibanda, anampimia mteja mkaa. Mafua akangoja mteja aondoke, akajipangusa pua kwa mkono wa shati.

"Ningetoka nje kwanza, ndiyo nipige chafya," akasema. "Wangekuwa hai. Si ndiyo?"

Kasuku akamwangalia. Wivu ulikuwa bado umo, lakini sasa huruma ilikuwa imeukalia juu. Jibu alikuwa nalo, tena fupi: si wewe, ni dawa. Mafua akangoja, begi begani, akimtazama midomo. Jua lilikuwa linazama na vibarua wote walikuwa wamesharudi nyumbani. Kasuku akalimeza lile jibu taratibu, kwa uangalifu mkubwa, asije akammeza na malkia.