Bia ya Kuachishwa Kazi

Wenceslas alikuwa amekunywa nusu ya chupa ndipo Anastase, mkuu wa wafanyakazi, alipomsukumia karatasi iliyoandikwa Kifaransa. Kwanza bia, halafu karatasi. Waliopanga hivyo walijua wanacheza na nani. Katika bonde la Bugarama shamba haliuzwi wala ng'ombe hahami zizi mpaka watu wamekunywa pamoja. Ukishakunywa, umekubali.

Ilikuwa 1999. Kiwanda cha kukoboa mpunga kilikuwa kimepata mwenye mali mpya, naye alitaka watu wa zamani watoke, kisha waingie tena kwa mlango wa vibarua. Wenceslas alikuwa fundi wa mashine tangu kabla ya vita. Alikimbilia ng'ambo ya mto, akaishi ukimbizini Zaire, akarudi, akaikuta mashine imeliwa na kutu, akaifufua kwa mikono yake. Miaka hiyo yote ndiyo iliyokuwa mezani.

"Papa Wenceslas, weka sinyatire, mukono yako tu, tumalize. Bengine banangoja."

"Inasema nini?"

"Mambo ya kawaida. Unaacha kazi kwa roho safi, kiwanda haina deni yako. Halafu unarudia kazi."

"Kazi gani?"

"Ileile."

"Sasa juu ya nini niiache?"

"Juu ya kuirudia, Papa!" Anastase akacheka. "Fundi wa mashine, kumbe kichwa yako njo inataka mafuta!"

Wenceslas akacheka naye kwa adabu, maana bia ya mtu ilikuwa mkononi mwake. Lakini ameacha kazi lini? Asubuhi aliamka akaja kazini, kama siku zote. Akaomba ruhusa ya kwenda msalani.

Nje, karibu na lundo la makapi, alimkuta Uwamahoro, mama wa kupepeta mchele, akingoja zamu yake. Yeye ni Mwislamu, walimpa Fanta. Hakuwa ameifungua.

"Umeweka mukono?"

"Bado, Maman. Lakini nimekunywa."

"Kunywa njo kuweka mukono?"

"Si unajua desturi? Nimekunywa, na asante nimesema."

"Mimi Kifaransa sijue. Lakini shemeji yangu balimufukuza kwa kiwanda ya chai. Kwa inspekteri balimwambia: kama bosi njo anakufukuza, anakupa siku za kujipanga, anakulipa na miaka yako. Kama weye njo unaacha, unaenda mikono mitupu. Omba kopi kwanza, upelekee inspekteri wa kazi kule Kamembe. Ukisha kuweka mukono, kuutoa ni vita ingine."

"Na bia je?"

Uwamahoro alimtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mvua. "Ya bia, sijue."

Hapo ndipo alipokwama. Ya karatasi aliielewa nusu. Ya bia aliielewa yote. Akavuka barabara hadi kantini, akakopa chupa ya aina ileile. Hakuwahi kumwona mtu akifanya hivyo. Alijiambia tu kwamba deni la kinywaji hulipwa kwa kinywaji, akarudi ofisini akaiweka mezani.

"Hii nayo?"

"Ni yako. Nimerudisha."

"Nilikupa bure, Papa!"

"Kama ni bure, haijanifunga. Kama si bure, nimelipa. Nipe kopi niende nayo."

"Bosi hatoi kopi bila sinyatire."

"Basi siweki."

"Kesho utakuta muntu mwingine kwa mashine."

"Ile itakuwa munanifukuza. Muandike vile."

Alilisema neno hilo bila kujua uzito wake. Tangu enzi za Mbelgiji, wenye viwanda hufukuza kwa mdomo na kuandikisha kwamba mtu ameacha kwa hiari. Ukiwaambia waandike walichosema, mate huwakauka. Anastase aliivuta kalamu yake taratibu, akaifunga kifuniko. 

Nje watu walimzunguka.

"Umekubali ao umekataa?"

"Nimekataa kuacha kazi."

"Basi bamekufukuza?"

"Bado habajaandika."

"Sasa uko nani? Kibarua? Mufanyakazi?"

Hakujua. Aliwatazama mmoja mmoja, labda kati yao yuko anayejua, naye Uwamahoro akainua mabega. Kutoka ndani Anastase aliita mfanyakazi aliyefuata, Muhigirwa. Muhigirwa hakuinuka, alikuwa bado akimtazama Wenceslas.

Jua lilikuwa juu bado, na magunia ya mpunga yalikuwa yamepangwa mlangoni. Hakuna aliyekuwa amemwandikia kwamba atoke, wala yeye hakuwa ameacha. Akafuta mikono kwenye suruali, akaenda kuiwasha mashine.