Mpaka Tumsikie Mwenyewe

Saa kumi na mbili asubuhi Mama Cherehani aliinama kutafuta raba zake chini ya kitanda, akapapasa weee, akaambulia vumbi. Akatazama nyuma ya mlango. Hakuna. Ndipo alipoelewa. Mwanawe amezificha! Mtoto aliyemsomesha kwa kushona mashati ya watu miaka thelathini, leo anamfichia viatu!

Ugomvi ulianza jana, wakati wa chakula.

"Mama, mimi sasa ni meneja," mwanawe alisema. "Kazini wananiuliza mbona mama yako anazurura barabarani alfajiri na kinyozi na wauza mboga. Wanadhani nimekutupa. Ukitaka kutoka, dereva yupo. Ukitaka kupumzika, kochi nimekununulia."

Kochi! Jamani, kochi hilo alilijua. Alilikalia miaka miwili baada ya kufiwa na mumewe, miguu imevimba, presha iko juu, akiitikia salamu za watangazaji wa televisheni kwa kukosa wa kumsalimia. Na meneja huyu huyu alikuwa akirudi jioni anapita moja kwa moja chumbani kwake. Aliyemtoa pale ni jirani yao, muuguzi mstaafu, na kundi lake la kutembea. Siku ya kwanza aliishia kwenye nguzo ya umeme, akarudi akihema. Sasa anafika sokoni na kurudi, daktari amempunguzia dawa, na umbea wa mtaa anaupata ungali wa moto. Halafu mtu anamwambia apumzike!

Getini ikasikika hodi.

Kundi lile lilikuwa na sharti moja. Fundi viatu, mwenzao, aliwahi kuanguka ndani kwake akalala sakafuni siku mbili, nyonga imevunjika, majirani wakidhani amesafiri. Tangu hapo waliapa kwamba hawaondoki mlangoni kwa mtu mpaka wamsikie mwenyewe, kwa sauti yake.

"Mama amelala," mlinzi akawajibu, kama alivyoagizwa.

"Hatukukuuliza wewe," muuguzi akasema. "Tunataka tumsikie mwenyewe."

"Bosi amesema asisumbuliwe."

"Bosi wako nilimchoma sindano mimi, akalia mpaka mtaa wa pili wakasikia. Hatutoki hapa."

Mama Cherehani alikuwa ameshafika sebuleni. Mwanawe alisimama mlangoni, tai shingoni, ndara miguuni, viatu vyake vya kazini vinang'aa kizingitini.

"Mama, tafadhali. Unaniaibisha."

"Aibu?" Mama akamsogelea. "Aibu ni mimi nife kwenye kochi lako asubuhi, uje unione jioni. Wale pale nje wangejua kabla chai haijapoa!"

Mama akatumbukiza miguu kwenye viatu vile vinavyong'aa, akampita.

"Nipo!" akapaza sauti. "Nakuja!"

Akatoka akiviburuta, kwa! kwa! kwa!, wenzake wakimpigia vigelegele. Mwanawe akamkimbilia na ndara zake.

"Mama! Viatu vyangu! Nina kikao!"

Hakuna aliyegeuka. Waliposikia kimya ndipo wakatazama nyuma. Meneja alikuwa ameishikilia nguzo ya umeme, ile ile, kainama, jasho linamtiririka, pumzi hana. Mtu wa miaka thelathini na minane! Kundi zima likasimama.

"Nendeni tu," akapunga mkono.

"Hatuendi," kinyozi akasema. "Bwana mkubwa, u mzima? Jibu mwenyewe."

Akapunga mkono tena tu. Mama Cherehani akamtazama yule mtoto wake aliyenenepa kwa kukaa ofisini, na moyo ukamlipuka.

"Jibu!" akafoka.

"Nipo, mama."

Mama akarudi hatua kadhaa, viatu vikimpwaya, akamnyooshea mkono.

"Bado nimekukasirikia," alisema. "Shika hapa, twende."