Zamu ya Bi Sindano Kutawa

Bi Sindano alikuwa fundi wa nguo, na mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kukosa sindano kwenye ukosi wa gauni lake. Siku aliyowaambia wanawe wawili kwamba sasa na yeye anaondoka kwenda kutawa, walimtazama kama aliyesema anataka kuolewa upya.

Aliwaeleza taratibu. Dini yao ya Kihindu inasema mtu akishatimiza wajibu, akachuma mali na kuonja raha za dunia, anaweza kuviweka vyote kando atafute moksha, yaani roho ifunguke, isirudi tena kuzaliwa na kufa. Vitatu vya kwanza amevimaliza. Kimebaki hicho kimoja.

Mkubwa akauliza wajukuu watabaki na nani. Mdogo akadai Mungu yumo hata jikoni, hakuna haja ya kumfuata mbali.

Bi Sindano damu ikamchemka. Baba yao alipoaga kwenda kwenye nyumba ya watawa, hawa hawa walimvisha mashada ya maua, wakaita jamaa, wakalia kwa fahari. Hakuna aliyeuliza duka lake litabaki na nani. Lilibaki na yeye.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu," aliwaambia, akafunga kibegi chake.

Nyumba ya watawa ilikuwa ile ile ya mumewe. Msimamizi alimpokea kwa unyenyekevu, akampitisha kando ya ukumbi wenye mikeka safi, bila kusimama hapo, hadi jikoni nyuma. Akamkabidhi aproni na mwiko. Alisema mumewe ameusifu sana mkono wake, na watawa wamechoshwa na uji mwepesi.

Bi Sindano alidhani ni kazi ya siku ya kwanza tu. Wiki zikapita. Kila sauti za sala zilipopanda ukumbini, yeye alikuwa akimenya viazi. Ameruka majivu, akakanyaga moto.

Asubuhi moja aliacha sufuria ikitokota, akaingia ukumbini na aproni yake, mwiko mkononi, akaketi mkeka wa mbele na kufumba macho. Harufu ya kuungua ikafika kabla sala haijaisha. Mumewe, ndevu zimemfika kifuani, akamsogelea na kumnong'oneza kwamba maharage yanaungua.

"Nasikia harufu," alijibu.

"Mama watoto, utumishi nao ni ibada. Ukipika bila kutaka malipo, unaikaribia moksha kuliko sisi tunaokaa hapa."

Bi Sindano alifumbua macho, akamnyooshea mwiko.

"Kama jikoni ndiko karibu zaidi, mbona umenipisha mimi? Nenda wewe, utangulie."

Msimamizi akaja mbio kusema nyumba ina utaratibu wake. Bi Sindano akamwomba amwonyeshe palipoandikwa kwamba anayetafuta ukombozi akiwa mwanamke, aanze na viazi. Watawa wengine wakaangalia mikeka yao, maana wote walikuwa wamekula na kushiba.

Mwishowe mumewe akauchukua mwiko, akaenda kupika mengine. Mchana walikula maharage meusi yenye mawe, hakuna aliyelalamika, na jioni msimamizi akatangaza kwamba kuanzia kesho jikoni ni zamu kwa zamu.

Bi Sindano hakupata utulivu wowote siku ile. Moyo ulimdunda kwa hasira kama cherehani. Lakini aliendelea kukaa palepale, mkeka wa mbele.