Maji Chini ya Mafuta

Je, kweli iliyofichwa miaka kumi na mmoja ikitolewa leo, itamwinua nani na itamwangusha nani? Kapteni Dama Kadenge alijiuliza hivyo akipakwa poda ghorofani katika nyumba ya mzee Abdeali, Mji wa Kale, iliyogeuzwa studio. Zilibaki dakika ishirini kipindi chake kiende hewani, moja kwa moja.

Mkononi alishika orodha ya vijana watatu waliowania nafasi moja ya kusomea urubani, ambayo yeye na majaji wenzake wangeitoa kipindini. Jina la mwisho lilikuwa Yumna Khubaib. Tangu asubuhi alikuwa akijiambia kwamba Khubaib si mmoja duniani. Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia binti wa miaka kumi na tisa, kavaa buibui, kashika kikombe cha kioo, na macho yake yalikuwa ya babake hasa.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, mwanangu. Babako... ni fundi?"

"Alikuwa fundi wa ndege. Sasa atengeneza pampu za malori, Shimanzi." Yumna aliinamisha uso. "Akusalimu sana. Kaniambia nisikuulize la zamani."

Dama akaikunja ile orodha, akaitia mfukoni.

Watu walimjua kwa tukio moja. Enzi hizo alirusha ndege ndogo huko kaskazini, akipeleka wauguzi na dawa kwenye viwanja vya vumbi. Asubuhi moja injini ilizimika punde baada ya kuruka, naye akaitua ndege kwenye mto mkavu, abiria wote wakatoka wazima. Akaitwa shujaa, shujaa akapewa kipindi cha televisheni, kipindi kikampa sauti ya kuwatetea vijana mbele ya wakubwa.

Lisilojulikana ni hili. Mafuta ya siku ile yalitoka kwenye pipa lililosimama wima mvuani usiku kucha, na pipa la namna hiyo hunywa maji kupitia kifuniko. Kwa hiyo rubani wa nyika, kabla ya kuruka, hukinga mafuta kidogo ya tangi katika kikombe kinachoonyesha ndani. Maji yakiwamo, yatatuama chini. Khubaib, fundi wake, alimwambia, "Kapteni, ngoja tukinge kwanza." Wingu lilikuwa likiufunga mlima ulio njiani, na Dama alikuwa na haraka. "Nimeshakinga," Dama akajibu, na hakuwa amekinga. Wakaguzi wa ndege walipomhoji, alisema fundi ndiye aliyemhakikishia. Khubaib akafutwa kazi, cheti chake kikachukuliwa. Miaka yote Dama alijitetea moyoni kwamba jina lake limewabeba vijana wengi, na likianguka wataanguka nalo.

Zarina, mwongozaji wa kipindi, akaingia mbiombio. "Jamani, mbona nyuso za matanga? We Yumna, kikombeni mna nini? Usije ukaniunguzia nyumba ya ami yangu Abdeali!"

"Mafuta ya kupikia na maji, bi Zarina. Ni ya kuonyeshea tu."

"Afadhali. Ukishindwa tutakaangia viazi." Akamgeukia Dama. "Na wewe Kapteni, wadhamini wataka ile hadithi ya mto. Machozi kidogo, tabasamu kidogo, basi."

Taa zikawaka. Washindani wawili walizungumza vizuri, lakini Dama hakusikia hata neno. Zamu ya Yumna ilipofika, binti alikitikisa kikombe, akakiinua mbele ya kamera.

"Sasa hivi mwaona rangi moja tu," alisema. "Mwenye haraka ataridhika, ataruka. Mimi nitangoja."

Ukumbi ukangoja naye. Polepole maji yakajitenga, yakakaa chini, meupe, kama yaliyokuwa hapo tangu hapo.

Ilikuwa desturi Dama amwulize kila mshindani swali moja. Akamgeukia Yumna. "Fundi akisema mafuta hayajapimwa, na rubani akasema yamepimwa, tumwamini nani?"

"Tuamini kikombe, Kapteni."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Yumna hakucheka. Alimtazama Dama bila chuki, kama mtu aliyeagizwa asiulize naye akatii, na utii ule ulimchoma Dama kuliko tusi.

Nyuma ya kamera Zarina alikuwa akizungusha kidole: hadithi ya mto, haraka. Dama akasimama.

"Ndugu watazamaji," alisema, "siku ile sikupima mafuta. Fundi Khubaib alinitaka tungoje, nikamdanganya kwamba nimeshapima, kisha nikamsingizia kosa langu. Leo sitamchagua mshindi, kwa kuwa nimemdhulumu baba wa mmoja wa washindani; majaji wenzangu watachagua bila mimi. Kesho asubuhi nitakwenda kwa wakaguzi wa ndege niyaandike haya na kuyatia sahihi, na kipindi hiki sitakiendesha tena mpaka Khubaib arudishiwe cheti chake."